Kabla Hujalipia Nyumba ya Kijijini, Tembea Mpaka Wake

Siku ya kupima kiwanja nilichokuwa nimekwisha kukilipia nusu ya bei, mama mmoja alitokea katika muhogo uliokuwa nyuma ya nyumba, jembe begani, akatusalimu sote mmoja mmoja, kisha akaniuliza, “Baba, shamba langu mnampimia nani?” Muuzaji aliinamisha kichwa. Mpima ardhi akakunja utepe wake bila kuambiwa.

Yule mama alikuwa mke wa kwanza wa muuzaji. Mke niliyemwona akiweka dole gumba katika makubaliano alikuwa wa pili, na kwa kweli hakuna aliyenidanganya kwa maneno: niliuliza kama mke amekubali, nikajibiwa kwamba mke amekubali. Kosa lilikuwa langu la kutouliza wake ni wangapi na kila mmoja analima wapi. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2004, inakataza mtu kuuza, kuweka rehani au kukodisha ardhi ya familia kabla mwenzi wake hajatoa ridhaa, na ardhi ya familia si pale penye nyumba ya kulala tu, bali inaweza kuwa pia shamba linaloambatana na makazi ya familia ambalo familia inapata riziki yake. Mama yule hakuwa akilala katika nyumba niliyoinunua, lakini watoto wake walikuwa wamekula muhogo wa shamba lile kwa miaka mingi. Tulikaa vikao vitatu chini ya mwembe wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mpaka tukakubaliana kwamba shamba libaki kwake, mimi nichukue nyumba na ua wake, na bei ipunguzwe. Nilipata nilichopata kwa huruma ya mama yule, wala si kwa nguvu ya karatasi niliyokuwa nayo mfukoni.

Haya yalitokea wilayani Kiryandongo, si mbali na Kigumba, mahali ambapo watu wa makabila mengi wamehamia na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni na kwenye vikao. Nayaandika kwa sababu naona vijana wanaofanya kazi Kampala wakinunua nyumba vijijini kwa picha za simu na kwa maneno ya dalali, na ninaumia kwa niaba yao. Dalali hulipwa mkishamalizana, kwa hiyo haraka yake haiwezi kuwa haraka yako.

Ukitaka nyumba ya kijijini, tembea mpaka wake ukiwa na majirani wa pande zote. Usimwonyeshe jirani mahali na kumuuliza, “Mpaka ni hapa, sivyo?” kwa sababu mtu mwenye adabu atakuitikia ili asimwaibishe muuzaji mbele ya mgeni. Muulize, “Mzee, mpaka wako na huyu unapita wapi?” kisha unyamaze na umfuate anakokwenda. Jirani yangu wa upande wa mashariki hakusema neno. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye mstari wa minyaa, akapita mnyaa wa mwisho kwa hatua kama kumi hivi, akasimama kwenye kisiki cha mvule kilichofunikwa na majani. Kisiki hicho ndicho kilikuwa mpaka, na hakuna picha ya simu ambayo ingenionyesha. Uliza pia kama eneo hilo liliwahi kuwa ranchi ya serikali, kwani katika wilaya yetu zipo sehemu za namna hiyo na watu wamehamishwa kutoka humo.

Baada ya kutembea, pima kwa utepe, kwa kuwa maneno kama “nusu ekari” hutamkwa kwa kukadiria kwa miguu. Ekari moja ni desimali 100, na ploti ya futi 50 kwa 100 ni desimali 11 na nusu hivi. Kiwanja nilichoambiwa ni nusu ekari kilikuwa na desimali 38 hata kabla ya shamba la mama kuondolewa.

Kuhusu hati, jua kwanza ardhi unayoinunua ni ya aina gani, maana Katiba ya mwaka 1995 inatambua aina nne: ya kimila, ya umiliki huru, ya mailo (iliyogawiwa kwa maili za mraba wakati wa ukoloni, hasa Buganda) na ya kukodi kwa muda maalumu. Nyingi ya nyumba za vijijini katika maeneo yetu zimesimama juu ya ardhi ya kimila ambayo haina hati miliki, na hilo peke yake si dosari; lina maana tu kwamba ushahidi wako ni watu, hivyo uwaandike majina na wasaini. Palipo na hati miliki, usiridhike na nakala unayoonyeshwa, bali nenda ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, ambayo kwetu iko Masindi, ukaangalie kama jina lililosajiliwa ni la muuzaji na kama hakuna rehani ya benki au zuio lililowekwa. Tenga pia fedha za ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1.5 ya thamani inayokadiriwa na mthamini wa serikali. Ukinunua kibanja, yaani sehemu anayokaa mpangaji katika ardhi ya mailo ya mtu mwingine, unanunua haki ya kukaa tu, na mwenye ardhi lazima apewe nafasi ya kwanza ya kununua kabla yako. Nao ndugu zetu wa ng’ambo ya mpaka ambao si raia wa Uganda wanaruhusiwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99 na si zaidi ya hapo.

Nyumba yenyewe nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa inaonekana kwa macho. Iangalie siku ya mvua. Gonga fremu za milango kwa kifundo cha kidole, na ikitoa sauti ya utupu ujue mchwa wamekwisha kula. Chokonoa kidogo kati ya matofali uone kama yamejengewa saruji au udongo uliopakwa saruji kwa nje.

Makubaliano ndiyo yanayostahili kuandikwa kwa utulivu mkubwa. Kwetu huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mara nyingi muuzaji mzee haielewi na wake zake hawaielewi, kisha wote wanaambiwa waweke dole gumba. Ipo sheria nchini inayowalinda wasiojua kusoma, inayodai kwamba aliyewaandikia hati aweke humo jina lake kamili na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba aliandika alivyoagizwa na kwamba walisomewa na kuelezwa. Mimi sasa hudai isomwe kwa sauti mara mbili, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa lugha ya nyumbani ya muuzaji, mbele ya wake na watoto wakubwa. Inachukua nusu ya siku, lakini ni wakati huo ambapo mtu husema, “Ngoja, huo mwembe hatukuuuza.” Muhogo ulioko ardhini utang’olewa na nani, na lini, viandikwe humo humo. Malipo yapitie benki, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka muuzaji atakapotoka. Mwenyekiti wa LC1 ni shahidi wa maana sana, kwa sababu anajua nani ni mke wa nani, lakini asilimia 10 ambayo baadhi yao hudai kwa ajili ya muhuri si ada ya kisheria.

Ukishamaliza, usiweke makubaliano sandukuni ukasahau. Nilipeleka ombi la cheti cha umiliki wa kimila kupitia gombolola, yaani ofisi ya kaunti ndogo, wajumbe wa kamati ya ardhi ya eneo wakaja kijijini, majirani wakaitwa, na kila mtu akapewa nafasi ya kupinga. Yule mama wa muhogo alikuja pia, na safari hii ndiye aliyewaonyesha wajumbe kisiki cha mvule.

Kuuza kulinifundisha upande wa pili. Nyumba ya wazazi wetu karibu na Tororo tulitaka kuiuza mara baada ya baba kufariki, mama akiwa alikwisha kututangulia, na kaka yangu alikuwa tayari amepata mnunuzi. Ilibidi nimwambie kwamba hakuna mtoto, hata aliye mkubwa, mwenye uwezo wa kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa barua za usimamizi wa mirathi. Alikasirika, na mnunuzi yule akaenda zake. Aliyekuja baadaye alikuwa na maswali mengi zaidi, nasi tulimjibu yote, pamoja na kwamba kisima hukauka mwezi wa Januari. Saruji na mabati aliyoweka baba hayakurudi katika bei. Kijijini watu hulipia ardhi na maji kwanza, na muuzaji asiyelikubali hilo atakaa na nyumba yake miaka.

Jambo gumu lilikuwa makaburi. Wazazi wetu na mdogo wetu mmoja wamezikwa nyuma ya nyumba, na hatukutaka kuwahamisha. Tuliwaonyesha wanunuzi wote makaburi hayo siku ya kwanza kabla ya kutaja bei, na wawili waliondoka hapo hapo. Wa tatu alivua kofia yake, akauliza majina yao, kisha yeye mwenyewe akapendekeza njia ya kuyafikia ipite upande wa chini, penye mwembe, ili tusilazimike kubisha mlangoni kwake kila tunapokuja kupalilia. Njia hiyo imeandikwa katika makubaliano pamoja na upana wake, futi 6.