Midia ikigeuka njano: kwa wanaoanza kupima laktati ya seli za saratani

Ukianza kazi hii utasikia kwamba seli ya saratani hutoa asidi ya laktiki kwa sababu mitokondria zake, yaani vinu vya nishati vya seli, zimeharibika. Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani aliyelichunguza jambo hili miaka ya 1920, alidhani hivyo. Alichokiona kilikuwa sahihi: seli za uvimbe hutoa laktati (asidi hiyo ikiwa imeachia protoni) kwa wingi hata oksijeni ikiwepo tele. Maelezo yake ya sababu ndiyo hayakusimama. Katika saratani nyingi mitokondria zinafanya kazi, tena seli inazihitaji.

Glukosi moja hukatwa kuwa molekuli mbili za piruvati, hatua iitwayo glikolisisi, na seli hubakiwa na faida ya ATP (molekuli inayobeba nishati) 2 tu, ilhali kuiunguza hadi mwisho kungeipa takriban 30. Njiani NAD+, molekuli inayopokea elektroni, hutumika, na isiporudishwa kila kitu hukwama. Kimeng'enya laktati dihaidrojenesi huirudisha kwa kugeuza piruvati kuwa laktati. Udogo wa faida hufidiwa na kasi. Isitoshe, sehemu ya glukosi huchepushwa kabla ya kufika kwenye piruvati, ikatumika kujenga DNA na asidi amino, maana seli inayogawanyika haiishi kwa nishati peke yake.

Laktati hutoka nje pamoja na protoni, na ndiyo maana midia (kimiminika cha kukuzia seli) yenye fenoli redi, rangi inayoonyesha kiwango cha asidi, hugeuka njano. Usiiandike njano hiyo kama matokeo. Kaboni dioksidi itokanayo na upumuaji wa seli nayo hushusha pH, inkubeta iliyozidisha gesi hiyo vilevile, na bakteria wakiingia kwenye chupa utaikuta njano kesho yake asubuhi. Pima laktati yenyewe, na upime glukosi kutoka sampuli ileile.

Sababu ya kupima zote mbili ni uwiano wake. Glukosi moja haiwezi kutoa zaidi ya laktati 2. Tuseme umeweka midia ml 2, glukosi ikashuka kutoka mM (milimoli kwa lita) 10 hadi mM 5, laktati ikapanda kwa mM 8.5. Glukosi iliyotumika ni mikromoli 10, laktati iliyotoka ni mikromoli 17, uwiano 1.7. Hiyo ni glikolisisi kali, na namba inaaminika.

Ukipata 2.4, usishangilie ugunduzi. Kwanza angalia kama uliondoa laktati iliyokuja na seramu (majimaji ya damu yanayoongezwa kwenye midia), kwani seramu ya ndama huwa nayo. Pili, soma lebo ya midia: nyingi zina piruvati ya mM 1, na seli huigeuza laktati bila kugusa glukosi. Tatu ni mvuke, mwizi asiyeshukiwa. Maji yakipungua kwenye visima vya pembeni mwa sahani ya kukuzia seli, laktati huonekana nyingi kuliko ilivyo na glukosi huonekana imetumika kidogo, hivyo makosa mawili yanasukuma uwiano upande mmoja. Dawa ya la kwanza na la tatu ni visima vyenye midia isiyo na seli, vikae inkubeta moja na vile vingine kwa muda uleule.

Midia ya glukosi mM 25 ina shida yake. Seli zikitumia mM 2 tu, unatoa 23 kwenye 25, na kosa dogo la pipeti linameza jibu. Kwa vipimo vya saa chache, mM 5.5 inafaa zaidi, lakini usiiache hadi iishe: glukosi ikikauka, baadhi ya seli huanza kula laktati ileile unayoisubiri. Chukua sampuli mara kadhaa, tuseme saa ya 4, ya 8 na ya 12 tangu kuanza.

Sampuli ikitoka, iweke kwenye barafu papo hapo, izungushe kwenye sentrifuji kuondoa seli, kisha igandishe. Seli zilizobaki kwenye kijitubu juu ya meza zinaendelea kula glukosi. Hesabu seli mwishoni mwa jaribio pia, si wakati wa kuzipanda kwenye visima tu. Dawa iliyoua nusu ya seli hushusha laktati bila kugusa glikolisisi hata kidogo.