Mbwa anaunguruma akila, nimchape?

SWALI: Dokta shikamoo, niko Nkuhungu hapa Dodoma, nina mbwa dume wa miaka miwili, mchana tunamfunga mnyororo, usiku tunamfungulia alinde. Siku hizi ukimsogelea akila anaunguruma, na leo asubuhi kamng'ata mtoto wa dada yangu mkononi, damu kidogo tu. Jirani anasema nimchape kila akiunguruma atanyooka. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, poleni sana. Naanza na mtoto maana hiyo damu kidogo tu ndo inanitisha. Osheni kidonda sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, msipake mafuta wala kahawa, alafu hospitali leo leo hata kama mbwa ana chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakitibiki, ila chanjo ikiwahi inazuia. Mbwa msimuue, mfungieni peke yake mmwangalie siku 10, akitoa udenda, akishindwa kumeza au akifa, daktari wa mtoto na wa mifugo wajue siku hiyo hiyo. Mtoto asisubiri hizo siku 10.

Sasa fimbo. Hapana jamani, mbwa akiunguruma anakwambia usisogee, ukimchapa anajifunza kunyamaza ila hofu ya kunyang'anywa chakula inabaki, kesho anang'ata bila kukuonya, na hao ndo mbwa wabaya kuliko wote.

Zile siku 10 zikiisha salama, fanya hivi mtu mzima mwenyewe, watoto wasiwepo kabisa. Akiwa anakula ugali wake pita mbali, labda hatua kumi, mrushie kipande cha utumbo wa kuchemsha uondoke. Kesho tena. Asipojali punguza hatua moja, akikakamaa au akianza kubugia harakaharaka ujue umesogea sana, rudi nyuma. Inachukua wiki kadhaa, usiwe na haraka, na bakuli usimpokonye eti kumpima.

Na huo mnyororo mchana kutwa kwenye jua letu la Dodoma, maji yenyewe sijui kama yanamfikia, unamkera sana. Mtengenezee banda lenye kivuli na uzio, asubuhi mtembeze. Kuhasi kunapunguza kuzurura, ila tabia ya kulinda chakula hakuiondoi, usidanganywe.

Kama ukali umeanza ghafla mwite daktari amkague meno na masikio, maumivu nayo yanamfanya mbwa awe mkali. Kadi yake ya chanjo ukiipata niandikie tarehe ya mwisho.