Mbirimbi, ndimu na vijiwe vya figo

SWALI: Asalaam aleikum Bi Nesi. Mie mchumaji karafuu, niko Wete. Mwaka jana nilishikwa na maumivu makali ya ubavu, nikatoa kijiwe kwenye mkojo. Jirani ananihimiza ninywe bilauri ya maji ya mbirimbi kila asubuhi ili kisirudi. Shemeji yangu anasema ndevu za mahindi. Nifuate lipi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mbirimbi kama dawa achana nayo kabisa. Vijiwe vingi vya figo ni kalsiamu iliyogandana na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye mimea mingi, na mbirimbi imejaa oksaleti hiyohiyo. Kule Kerala, India, wako waliokunywa maji yake mazito wakitafuta kushusha lehemu, figo zikagoma, wengine wakasafishwa damu kwa mashine. Vipande viwili vitatu ndani ya mchuzi sikukatazi. Bilauri ya asubuhi naikataza.

Ndevu za mahindi huongeza mkojo, ila faida kubwa ninayoiona mie ni yale maji unayochemshia. Kama unatumia dawa za presha au sukari, muulize daktari kwanza.

Mie nakupa ndimu. Ina sitreti, ambayo huishika kalsiamu isigandane. Kamua ndimu 2 kwenye jagi la lita 1, bila sukari wala chumvi. Najua mwapenda kutia chumvi, lakini chumvi huzidisha kalsiamu kwenye mkojo. Papa mkavu naye mroweke, umwage maji.

Na maji matupu, mwanangu! Mnapanda mkarafuu tangu asubuhi, jasho linawamwaika, hamshuki mpaka pakacha lijae. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi, na hapo ndipo chembe zinapogandana. Panda na chupa. Kunywa mpaka mkojo wa siku nzima ufike kama lita 2 na nusu, rangi yake hafifu. Ramadhani, gawa bilauri zako baina ya futari na daku.

Maziwa usiyaache kwa kuogopa kalsiamu. Ukiyanywa pamoja na mlo wa mchicha, huikamata oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo.

Maumivu yakija na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika, usichemshe mti wowote. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Na ukihisi kijiwe chengine kinashuka, kojolea kwenye chujio, ukitie kwenye kikopo kikavu, umpelekee daktari kipimwe, maana vijiwe vya aina nyengine vina masharti yake.