Usianze na baba: kilichonikuta nikifundisha vivumishi vya familia kwa Kifaransa

Mleta uzi, usichapishe hiyo karatasi. Kama umeshachapisha, usiigawe.

Nimesoma swali lako mkono ukiwa kichwani. Jumatatu unaanza mada ya familia, umeandaa vivumishi 40, vyote katika umbo la kiume, na chini umeweka kanuni kwa herufi nzito: "Kupata kike, ongeza e." Halafu unauliza kama 40 ni vingi, kama uanze na sura au tabia, na kama wanafunzi waje na picha za kwao. Hayo ni mapambo, mkuu. Ufa uko kwenye hiyo kanuni, na anayekuandikia hapa ni mtu aliyejenga ukuta.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niligawa karatasi kama hiyohiyo. Niliipata kwa mwezeshaji wa semina moja, bwana mwenye sauti nzito na kalamu tatu mfukoni, aliyetuambia kwamba vivumishi vya Kifaransa ni somo la dakika tano: grand, grande (mrefu), petit, petite (mdogo), umemaliza, nenda kwenye vitenzi. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana nilikuwa na vipindi vingi na usingizi kidogo. Bwana yule nikikutana naye leo nitamsalimia vizuri tu, kisha nitamkabidhi madaftari yangu ya mwaka ule ayasahihishe mwenyewe.

Wiki tatu darasa lilikuwa tamu. Mazoezi ya kujaza nafasi wanapata yote. Grand wanaipa e, intelligent wanaipa e, mimi najiona bingwa. Nikawaambia sasa waandike aya moja kuhusu mtu wa nyumbani. Daftari la kwanza: "Ma mère est beaue," mama yangu ni mrembo, wakati sahihi ni belle. Nikacheka peke yangu. La tatu: "Ma mère est beaue et gentile." La tano: "Ma grand-mère est vieuxe." La nane: "Ma sœur est sportife et paresseuxe." Kufika la kumi na mbili kicheko kilikuwa kimekauka. Wale watoto hawakukosea! Walifanya nilichowaambia, tena kwa utiifu ambao sijawahi kuuona kwenye kazi zangu nyingine. Beau, ongeza e. Vieux, ongeza e. Aliyekosea ndiye aliyekuwa ameshika kalamu nyekundu.

Lakini hilo la kuandika lina dawa. Unasahihisha, wananuna, maisha yanaendelea. Kilichoniumiza ni mdomo.

Mwisho wa muhula alikuja mwalimu mwingine kuwasikiliza wakizungumza. Nikamtanguliza mwanafunzi wangu bora, yule wa kujivunia mbele za watu. Akashika picha ya mwanamke, akavuta pumzi, akaanza: "Ma mère est gran, elegan et très pasian." Hakuna konsonanti hata moja mwishoni, yote matamshi ya kiume, safi kabisa. Mgeni akatabasamu, akamuuliza: "Ta mère ou ton père?" Mama yako au baba yako? Mtoto akaitazama picha, akanitazama mimi, akaona kweli kuna kosa mahali, akajirekebisha kwa ujasiri wote: "Mon mère." Yaani badala ya kumpa mama vivumishi vya kike, akamfanya mama mwenyewe awe wa kiume.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Usiku ule ndipo nilipoelewa. Ile e niliyoisifu muhula mzima ni bubu, haisikiki. Kazi yake ni kumwamsha jirani aliyelala. Kwenye petit, t imelala. Ikija e, t inaamka. Sikio linasikia hiyo t, linasikia d ya grande, linasikia z mwishoni mwa paresseuse. Mimi nilifundisha herufi isiyosikika nikaiacha sauti inayosikika. Na kwa kuwa karatasi ilianza na kiume, umbo lililokaa vichwani ni lile la konsonanti iliyolala. Waliojitahidi kuiamsha waliibandikia irabu, kama tunavyofanya Waswahili na kila neno linalotujia: mama "grandi", baba "grandi", wote sawa.

Sasa kanuni yangu, ndiyo pekee niliyo nayo: anza na mama. Umbo la kike kwanza, kwa sikio, daftari zikiwa zimefungwa. Grande, petite, grosse, rousse, gentille, heureuse, paresseuse. Zikishakaa mdomoni, mlete baba kwa kukata mkia. Grande inabaki gran. Petite inabaki peti. Rousse inabaki rou. Gentille inaacha ile y ya mwisho. Ukitoka kiume kwenda kike, mwanafunzi lazima abahatishe ni konsonanti gani ya kuongeza: d, t, s au z? Petit haimwambii sikioni. Ukitoka kike kwenda kiume hakuna cha kubahatisha, anakata tu. Kwenye brune na mignonne anakata n na sauti inapanda puani, basi.

Sportive na travailleuse zina njia yao, moja inaishia na f, nyingine na r. Belle na beau, vieille na vieux, wafundishe kama mke na mume, usiwatafutie ukoo.

Kipindi cha kwanza siandiki neno hata moja ubaoni. Nachora watu wawili wa vijiti, mère kushoto, père kulia. Nasema "paresseuse", vidole vyote kushoto. "Gros", vyote kulia. Kisha nasema "timide". Vidole vinagongana, huyu kushoto, yule kulia, ugomvi unaanza, kuna mmoja huwa ananyoosha mikono yote miwili. Huyo ndiye aliyeelewa: timide, jeune, mince, drôle hazibadiliki kwa mama wala kwa baba. Sijawahi kulazimika kuwaeleza hilo.

Na usiwatishe kwamba upatanisho ni maajabu ya Wafaransa. Mtoto mrefu, kiti kirefu, miti mirefu. Wamekuwa wakipatanisha tangu hawajaota meno. Hata vile visivyobadilika wanavyo: mtoto hodari, watoto hodari. Ile karatasi yangu iliruka yote hayo ikapitia Kiingereza, na ndiyo maana iliandika, bila aibu, kwamba kwenye "-ake" ya Kifaransa, son ni "ya mwanaume" na sa ni "ya mwanamke". Matokeo: Asha ana "sa frère" (kaka) na Juma ana "son sœur" (dada). Wakati Kiswahili kinasema kitabu chake, na hiyo ch- inafuata kitabu, haijali mwenyewe ni nani. Kifaransa ni vilevile: son frère, awe kaka wa Asha au wa Juma. Jibu tulikuwa nalo nyumbani, tukaenda kuazima kosa kwa jirani.

Jiandae pia na mjanja mmoja atakayekuuliza kwa nini grand-mère haina e wakati bibi ni mwanamke. Mimi aliniuliza nikajifanya nasikia kengele. Jibu ni kwamba zamani grand ilikuwa umbo moja kwa wote, kama timide ilivyo leo, na grand-mère ni masalia ya enzi hizo. Kuna wakati waliiandika grand'mère, wakidhani kuna e iliyodondoka. Hata wenyewe walijichanganya, kwa hiyo usione haya.

Ukiniuliza idadi, mimi sasa natoa 12 kwa wiki, na sianzi na sura wala tabia, naanza na vile ambavyo mkia wake unasikika vizuri. Vya kimya vinasubiri.

Kulikuwa na swali la picha pia, nadhani, ila nina madaftari ya kusahihisha hapa. Hizo karatasi kama zimeshatoka kwenye mashine, usizitupe. Nyuma ni nyeupe. Wape wachore mama upande huo.