Zawadi kwa mwindaji wa elki: chupa ya mkojo ibaki dukani

SWALI: Ninaishi Aurora, jimbo la Colorado, na nimeolewa na Mmarekani. Baba mkwe wangu atatimiza miaka 65 mwezi wa Oktoba, na kila Novemba hupanda milimani kuwinda elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kwa bunduki. Mimi nimekulia Mombasa na mawindo siyajui. Muuzaji wa duka moja amenishauri nimnunulie chupa ya mkojo wa elki jike aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, pamoja na jiwe la chumvi ya madini, akisema kwamba dume akinusa tu atakuja mwenyewe. Mume wangu anapendekeza droni ndogo. Tumetenga dola 150. Tuchukue kipi?

JIBU: Dada yangu, msichukue hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Droni ni marufuku hapa Colorado kwa kutafuta au kufuatilia wanyama wa kuwindwa, na jiwe la chumvi nalo haliruhusiwi, kwa kuwa sheria ya jimbo inakataza kuwawekea elki na kulungu chakula au chumvi. Zawadi ya kumfikisha mzee wa watu mbele ya askari wa wanyamapori si zawadi, kwa hiyo hayo mawili tuyaache hapo. Chupa ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu kazi yangu ni kupokea na kukatakata nyama ya mawindo katika bucha la mji mmoja wa milimani, na hakuna msimu unaopita bila mtu kuniwekea chupa ya namna hiyo mezani na kuniuliza kwa nini haikufanya kazi.

Muuzaji amekueleza nusu ya jambo. Ni kweli kwamba elki dume huvutwa na jike aliye kwenye joto, lakini kupandana kwao hufikia kilele katika nusu ya pili ya Septemba, wakati ambapo wanaowinda wengi ni wa upinde. Baba mkwe wako huingia porini Novemba. Wakati huo madume wamekwisha kuchoka na kukonda, wamejitenga na majike, na shughuli yao kubwa ni kula ili waweze kuuvuka msimu wa baridi. Kumwagia harufu ya mahaba dume wa Novemba ni sawa na kumpigia tarumbeta ya harusi mtu aliyelala hoi kwa uchovu. Zaidi ya hapo, mkojo wenyewe haukai kama ulivyotoka, kwani bakteria huubadilisha na harufu ya amonia ikachukua nafasi ya ile unayolipia. Kwetu pwani tunawajua wauzaji wa dawa ya mvuto, ambao dawa ikishindwa husema umeitumia vibaya. Hawa wa huku ni ndugu zao, isipokuwa chupa zao zina lebo nzuri zaidi.

Lau hasara ingekuwa ya fedha tu, ningenyamaza. Mkojo unaouzwa hukusanywa kutoka kwa wanyama wanaofugwa, mara nyingi kupitia sakafu ya wavu ambako mkojo na kinyesi huchanganyika, kisha huchanganywa tena na wa wanyama wengine. Hapa Colorado tuna ugonjwa wa kudhoofisha unaowashika kulungu na elki, ambao ni jamaa ya kichaa cha ng'ombe. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa kwa ajili ya utafiti huko Fort Collins, na mwaka 1981 ukapatikana kwa elki wa porini katika jimbo hili hili. Kinachousababisha ni prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya, ambayo haifi kwa kupikwa, hudumu udongoni kwa miaka, na imeonekana katika mate, kinyesi na mkojo wa wanyama walioambukizwa. Ndiyo maana majimbo kama Virginia na Vermont yamepiga marufuku matumizi ya mikojo ya asili ya jamii hii ya wanyama katika uwindaji. Hadi sasa hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata ugonjwa huo, lakini ushauri wa wataalamu wa afya ni kwamba nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao isiliwe. Mtu anayeinyunyiza chupa hiyo bondeni huenda anapeleka, kwa hiari yake na kwa fedha yake, kitu ambacho hakuna awezaye kukiondoa tena katika udongo ule.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba fedha zote huishia kwenye kumvuta mnyama, na hazibaki za kuihifadhi nyama. Msimu mmoja niliopokea mzigo wa kwanza alfajiri, kijana alinishushia paja la nyuma la dume aliyemwangusha jioni iliyotangulia. Usiku ule maji yalikuwa yameganda ndani ya chupa, kwa hiyo aliamini kwamba baridi ingefanya kazi ya friji, akamwacha mnyama mzima na ngozi yake hadi asubuhi. Kwa nje paja lilikuwa jekundu na zuri kabisa. Nilipopitisha kisu kandokando ya mfupa hadi kwenye kiungo cha nyonga, ikatoka harufu kali ya uchachu, na nyama iliyoushika mfupa ilikuwa imegeuka kijivu chenye ukijani. Elki dume hufikia kilo 300 na zaidi, na manyoya yake ni blanketi: baridi ya nje haiufikii mfupa upesi, na joto la ndani halina pa kutokea mpaka tumbo lifunguliwe na ngozi iondolewe. Kijana yule alikuwa na vifaa vingi vya bei mbaya, zikiwemo chupa mbili za mkojo. Nyama alikuwa ameifunga kwa mifuko ya taka ya plastiki.

Kwa hiyo dola zako 150 zianzie hapo. Nunua seti ya mifuko ya kitambaa ya kubebea nyama, inayopitisha hewa na kuzuia nzi, isiyopungua mitano: minne ya mapaja na mabega, na mmoja wa minofu na vipande vidogo. Angalia kwamba ni ya ukubwa wa elki, kwa sababu ile ya kulungu mdogo haitoshi. Paja moja la nyuma la dume, pamoja na mfupa, hukaribia kilo 25 hadi 30. Ongeza kisu chepesi cha kubadilisha nyembe, pamoja na pakiti ya nyembe za akiba, kwa maana ngozi ya elki hulitia butu bapa lolote kabla kazi haijafika nusu, na mzee wa miaka 65 hapaswi kunoa kisu gizani kwa vidole vilivyokufa ganzi. Taa ya kuvaa kichwani ni nzuri pia, ikiwa aliyo nayo imechakaa. Ukiona bado kuna chenji, mlipie sehemu ya gharama ya bucha analolipenda yeye, si lazima liwe langu, maana sitaki ionekane kwamba napiga debe.

Ikiwa moyo wako umekwisha kuipenda zawadi ya chupa, ipo moja ya bei ndogo ambayo wawindaji wengi huitumia: kichupa laini cha unga wa kupimia upepo. Akikibinya, unga mweupe hutoka na kumwonyesha hewa inaelekea wapi. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Jioni hushuka bondeni. Elki huitambua harufu ya binadamu kutoka mbali sana, na mwindaji asiyeujua mwendo huo wa hewa hafaidiki na harufu yoyote atakayojipaka.

Buti usimnunulie, kwani buti za mlimani huchaguliwa na mguu wenyewe. Risasi pia mwachie. Kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, au ya waridi ambayo imeruhusiwa tangu mwaka 2016, kinafaa, ila kiwe cha rangi moja tupu, kwa sababu chenye madoa ya kujificha hakihesabiki kisheria. Wanaotumia bunduki hutakiwa kuvaa rangi hiyo kichwani na juu ya kiuno kwa eneo lisilopungua inchi za mraba 500, takriban sentimita za mraba 3,200.

Na kama chupa ya mkojo umekwisha kuinunua, irudishe dukani pamoja na risiti, ikiwa imefungwa vilevile. Wakikataa kuipokea, usiimwage bustanini wala pembezoni mwa barabara ya milimani. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uitie kwenye pipa la taka linalochukuliwa na gari la mji.