Kuvu Niliyoiua kwa Mkono Wangu

Juzi msomaji ameniandikia: "Kaka, si wewe uliyesema dawa za kuvu, hizi za kuua wadudu, ni utapeli? Mbona siku hizi unazisifu?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Ni kweli nilisema, tena mbele ya kikundi chetu kizima cha wakulima, na sijawaomba radhi hadi leo.

Ulikuwa msimu wangu wa tatu wa vitunguu, Oloitoktok. Vithiripi, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, walijificha ndani kabisa kwenye maungio ya majani, shamba likapauka. Sumu nilizozoea walishazizoea na wao. Nikanunua Metarhizium, kuvu inayoua wadudu, ambayo watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, wamechagua aina yake namba 69 kwa ajili ya vithiripi. Yule wa agroveti akanishauri niichanganye na dawa ya baka zambarau, ugonjwa wa vitunguu unaoletwa na ukungu, nisibebe bomba mara mbili. Nikachanganya. Dawa ya kuua ukungu na kuvu, ambayo nayo ni ukungu, bomba moja! Na bayolojia nilipata B. Nikapuliza saa sita, jua la utosi. Siku ya pili nikakagua: vithiripi wazima. Niliporudi kulalamika alinicheka mbele ya wateja, na kicheko kile bado ninacho rohoni.

Mwenzangu, ile si sumu, ni kiumbe hai. Spora, yaani mbegu yake ndogo, ikimtua mdudu hunata, ikaota, ikaanza kutoa vimeng'enya vya kuyeyusha gamba lake: vingine vya mafuta yaliyopaka gamba, vingine vya protini, vingine vya kaitini inayolikaza. Gamba likilegea, kuvu inajisukuma hadi ndani na kumla huko huko. Mdudu hana haja ya kuimeza. Lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa, hata wiki, inataka unyevu, na spora haziwezi jua kali. Mimi nilitaka maiti kesho yake asubuhi.

Mwaka 2009 Tanzania ilipuliza jamaa ya kuvu hii kwa ndege dhidi ya nzige wekundu, Iku-Katavi na bonde la Rukwa, ikafanya kazi. Mimi na bomba langu la lita 20 tukaamua haifai.

Msimu huu nimeosha bomba mara tatu, nikapuliza jua likizama baada ya kumwagilia, na sabuni kidogo ili maji yasiteleze kwenye jani. Siku ya nne nilikaribia kurudia sumu. Mke wangu akaficha chupa. Siku ya tisa nikakung'uta miche juu ya karatasi nyeupe. Palipokuwa na wadudu thelathini, nikahesabu wanne.

Kwa hiyo vijana, osheni bomba. Pulizeni jioni. Dawa ya ukungu ipewe siku zake, mbali na kuvu. Someni kibandiko kabla ya kumsikiliza muuzaji, na kabla ya kunisikiliza mimi. Uvivu wa safari moja ulinilia msimu mzima, halafu nikaulaumu ukungu.

Wiki jana nimepita kwenye ile agroveti. Dawa zote mbili anaziuza bado, rafu moja, na ushauri ule ule.