Vigimbi vinauma: rola au mpira?

Umeuliza ukande vigimbi kwa rola ya sponji (mche mviringo wa sponji ngumu wa kukandia misuli) au mpira wa tenisi baada ya kukimbia. Anza na rola. Mpira unafaa zaidi nyayo. Keti chini, kigimbi juu ya rola, nyanyua makalio kwa kuegemea mikono sakafuni, kisha sogea polepole kutoka juu ya kifundo cha mguu hadi chini ya goti, sekunde 30 hadi 60. Penye maumivu tulia kidogo. Usipite nyuma ya goti, kwani mishipa ya damu na ya fahamu haina kinga kubwa pale. Wengi hukandamiza mno, misuli ikajikaza zaidi. Kigimbi kimoja kikivimba na kuwa cha moto, usikande kabisa: huenda damu imeganda, muone daktari siku hiyohiyo.